Ngassa Aliyeitupa Rufaa

Sogeeni, enyi watu wa Bariadi, nanyi mlio mbali huko Mwanhuzi, wekeni majembe chini mnisikilize, maana leo nawatangazia habari za Ngassa mwana wa Mihayo, mjukuu wangu mwenyewe, simba wa vilabuni, chui wa maneno, mshindi wa vita vyote ambavyo hakwenda.

Ilikuwa msibani kwa jirani. Shujaa, akijua kwamba msibani mtani huchukua cha mtani wake wala haulizwi, alimvamia jogoo wa Bwana Eliaichi, afisa kilimo aliyehamishiwa huku, akamshinda vitani, akamchinja, akamla hadi shingo.

"Pole, mtani!" akanguruma, mafuta yakimtiririka kidevuni.

"Mtani wako nani?" akasema Bwana Eliaichi. "Mimi Mpare. Watani zangu Wachaga, si ninyi Wasukuma. Wewe ni mwizi tu!"

Hapo upanga wa sheria ukachomolewa. Siku zote za kesi shujaa alizunguka sokoni akiapa: akishindwa, atamuuza dume Mabaka, apande na rufaa wilayani, apande Shinyanga, apande mpaka huko juu ambako majaji wenyewe wanaogopa kuchungulia chini. Mabaka ni ng'ombe aliyeachiwa na marehemu baba yake. Mimi sina kauli juu yake. Nina shamba tu, na mvua ilikwisha kunyesha, na dume la pili haliwezi kuvuta plau peke yake. Tungekula nini? Majaji?

Siku ya hukumu nikajitwika nira kichwani, nikaenda mahakamani, nikakaa nayo mlangoni.

Mheshimiwa Hakimu, mama mpole mwenye miwani, akasoma: Ngassa ana hatia; atafagia uwanja wa soko mwezi mzima, kila asubuhi. "Una haki ya kukata rufaa. Unasemaje?"

Ngassa akasimama, akatanua kifua kama mtungi usio na maji. "Mheshimiwa! Ukoo wetu haujawahi kushika ufagio! Nitapigana mahakama hata mahakama! Milima itasikia! Mto Simiyu..."

"Ng'wana Mihayo," nikamwita kutoka mlangoni. "Geuka."

Akageuka. Akaiona nira.

"Bibi, hiyo ya nini?"

"Muuze Mabaka, mjukuu wangu, ni haki yako. Ila plau lazima livutwe. Njoo tuipime shingoni, kesho usinisumbue."

Mahakama ikaangua kicheko. Hata karani akajificha nyuma ya mafaili. Hakimu akagonga meza, akauliza tena. Shujaa akaitazama nira, akajishika shingo, na zile ngome zote za Shinyanga zikaporomoka kinywani mwake.

"Mheshimiwa... sikati rufaa. Nimeridhika."

"Umeamua mwenyewe? Hukulazimishwa?"

"Mwenyewe kabisa, Mheshimiwa. Shingo ni yangu."

Kulipokucha, Ngassa mkuu akashuka sokoni na ufagio begani kama mkuki. Mama lishe wakampigia vigelegele: "Ng'wana Mihayo, na huku kwenye maganda!" Bwana Eliaichi akapita na baiskeli, akapunga mkono: "Pole, mtani!"

Akainama, akafagia. Nami nikapita kando nikimswaga Mabaka na mwenzake kwenda shamba, na Mabaka, asiyejua historia, akaangusha kinyesi pale pale palipokwisha kufagiwa.

Basi jueni, vizazi vyote: mahakama za juu zimesalimika, mahindi yangu yameota, na Ngassa amelishinda soko, kuanzia kwenye dagaa mpaka kwenye nyanya.