Meneja na Chanjo ya Mafua

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kaenda kumuuguza dada yake. Katuachia paka wake wa kijivu, Meneja, na agizo moja: achanjwe upesi. Mafua ya paka yamezagaa mtaani. Paka wa mwenye duka kafa juzi. Mke wangu kasema atampeleka yeye. Nimekataa katakata. Tangu nioe, mama mkwe hajawahi kunisifu. Nafasi ndiyo hii.

Jumanne, 5 Machi
Hila ya kwanza: vipande vya samaki kutoka jikoni hadi ndani ya kikapu. Meneja kala vyote, hata cha ndani kabisa, mkia ukiwa nje. Nikafunga mfuniko. Nikabana kidole changu. Yeye yuko juu ya kabati, ananitazama kama mgeni aliyecheleweshewa chai. Jirani yangu, fundi cherehani, kachungulia dirishani, akauliza kama nataka msaada. Nimemwambia ashone nguo, paka aniachie mimi.

Jumatano, 6 Machi
Leo nguvu. Nikaona mgongo wa kijivu nyuma ya pipa la maji. Nikamrukia, nikamtia kwenye foronya, mbio mpaka kwa daktari wa mifugo. Mikwaruzo mpaka shingoni, lakini fahari tele. Daktari kauliza jina. Meneja, dume, nikajibu kwa sauti ili benchi zima lisikie. Akampapasa tumbo.

"Huyu Meneja wako ana mimba," akasema. "Na mwenye mimba simchomi chanjo hii."

Benchi zima likacheka. Kumbe nimemwiba paka wa fundi cherehani, naye wa kijivu vilevile! Nilimkuta fundi akimtafuta chini ya meza, machozi yakimlengalenga. Nikasema nilimpeleka kupimwa, ujirani mwema. Akanishukuru. Niliona aibu, ila kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Meneja hayupo. Mke wangu anasema nimemtisha na fujo zangu. Nimezunguka vichochoroni nikiita, "Meneja! Meneja!" Bwana mmoja mwenye tai kageuka, akaniuliza shida yangu nini. Kila nikisikia chafya, moyo unanilipuka. Chakula hakipiti. Kumbe nampenda yule mjeuri.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu katandika gauni kuukuu la mama yake kikapuni, kakiweka uani, kaenda kufua. Meneja katokea asikojulikana, kaingia mwenyewe, kajikunja. Mke wangu kampeleka, kachanjwa, karudi, kalala. Hata kucha hakutoa.

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Mke wangu alikuwa anaoga, nikapokea mimi. Kauliza nani alimpeleka Meneja. Nikakohoa. Nikasema kazi haikuwa nyepesi, ila kwa juhudi zetu amechanjwa.

"Mwanangu, kumbe wanyama wanakusikia," akasema.

Nikavimba kichwa. Akaendelea: dada yake ana mbwa anayedaiwa chanjo, mkali, kila daktari kamshindwa. Atamleta kwangu Jumamosi. Nikasema amlete tu.

Mke wangu katoka bafuni, kasikia, kakaa chini kabisa. Nimemtuliza. Mbwa si paka. Mbwa ukimkazia macho, anatii.

Nimeshaanza mazoezi mbele ya kioo.