Mikorosho Yangu Iliyofunga Saumu

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, hapa Newala, mbele ya Daktari anayesimamia shahada yangu.

Kwa msiojua, nasomea mimea na kiu. Ndani ya jani kuna protini zinaitwa kinasi. Mizizi ikikosa maji, kinasi mmoja anaamka, anambandika mwenzake chembe ya kemikali iitwayo fosfati, naye anamwamsha wa tatu, kama mjumbe anayegonga nyumba hadi nyumba, mpaka jani zima lipate habari na kufunga vitundu vyake. Mimi nataka kuwanasa hao wajumbe wakiwa kazini. Basi wiki tatu zilizopita nikapanga miche ya mikorosho kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vyenye matundu chini, nyuma ya ukuta wa ua wa Baba Somoe, mwenye nyumba wangu. Mafungu mawili. Moja nalinywesha, jingine nimelifungisha saumu. Hata tone!

Na lile lililofunga halikunyauka. Majani yanang'aa. Nikigusa udongo kwa juu, mkavu kama unga. Nikampigia Daktari simu (mdomo wangu huu!) nikamwambia nimepata mkorosho usiojua kiu. Akasema anakuja mwenyewe kuchuma majani ya kupeleka maabara. Miche ikiwa na kiu ya kweli, nahitimu. Isipokuwa nayo, naanza upya.

Leo saa sita akafika kutoka Masasi alikolala, na mtungi wake wa kugandishia majani. Tukaamkiana, mihogo ya kuchemsha ikaliwa, kisha nikampeleka nyuma ya ukuta. Baba Somoe na Mama Somoe nao wakaja kusikiliza. Nikahutubia. Nikasema miche hii ina subira kuliko sisi waja. (Nilinyoosha na mikono. Mungu anisamehe.)

Katikati ya hotuba, adhana ya adhuhuri ikalia. Baba Somoe akaomba radhi, akaingia uani kutawadha. Punde nikasikia chururu. Maji yakatokea kwenye tundu chini ya ukuta, yakafuata kamfereji ambako sikuwahi kukaona, yakaenda moja kwa moja chini ya viriba vilivyofunga. Hata hayakukosea njia.

Daktari akainama, akainua kiriba kimoja. Kikachuruzika. Juu vumbi, chini tope.

"Huu ndio usiojua kiu?"

Nikatafuta jibu la kisayansi. Nikapata "Eeh."

Baba Somoe akarudi, mikono bado inadondosha maji, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Mwanangu, niliona hii ya upande huu unaisahau," akasema. "Nikaichimbia mfereji tangu siku ya pili. Huku kwetu maji tunayapata kwa shida, ya udhu hayapotei bure."

Nikamuuliza, kwa sauti ya mgonjwa, kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unajua. Si na wewe unatawadhia pale pale? Alfajiri ya leo wa kwanza kuinywesha ulikuwa wewe."

Jamani! Mara tano kwa siku, wiki tatu, naikata kiu miche yangu kwa mikono na miguu yangu mwenyewe. Na kila nikimaliza kuswali nilikuwa naomba dua utafiti wangu ufaulu.

Daktari alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafunga mtungi wake bila kuchuma hata jani moja. Naanza upya. Kinasi wangu hawakuwa mashujaa wala nini, walikuwa wamelala na shibe zao. Mama Somoe ndiye pekee aliyehuzunika, ila si kwa ajili yangu. Aliposikia viriba vinahamishwa, aliuliza masikini hao sasa watakunywa wapi.

Naomba msinicheke. Nani mwingine humu amewahi kufelishwa na udhu wake mwenyewe?