Utosi Wangu Unakwenda Ukweni

Jumatatu, 8 Septemba
Balaa! Germana kasema Jumamosi tunakwenda kwao Busi nikajitambulishe. Baba yake, Mzee Thobias, ni katekista. Mgeni huvua kofia, yeye humwekea kiganja kichwani na kumwombea. Nimecheka huku jasho linanitoka. Germana amenijua na kofia tu. Chini yake sina hata unywele! Akinikataa, Gabrieli wa masjala pale kazini kwetu yupo anamnyemelea, na nywele zake zile kama zulia.

Jumanne, 9 Septemba
Duka la dawa. Dada Shamila kaeleza: homoni ya kiume ikiingia kwenye seli za mashina ya nywele za utosini, hugeuzwa kuwa kali zaidi, na mashina husinyaa. Homoni hiyohiyo ikifika kidevuni, ndevu hunawiri! Upendeleo mtupu! Nikaomba dawa ya kuotesha kufikia Jumamosi. Kasema hata ikikubali, ni miezi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimepata akili. Nipunguze uanaume! Sijabeba ndoo, sijagusa nyama choma. Gabrieli kanitania, nikanyamaza. Kaniuliza kama naumwa. Utosi ni uleule.

Jumamosi, 13 Septemba
Rangi nyeusi ya viatu! Nimejipaka alfajiri. Kwenye kioo, kijana wa chuo kabisa.

Busi, jua kali. Nimetoa shikamoo, nimevua kofia, nimeinamisha macho kwa adabu. Kiganja kikatua. Sala ndefu, jamani! Mzee kaombea ukoo mzima, na mvua juu. Amina. Akajipangusa mkono kifuani, kwenye shati jeupe la kanisani. Vidole vyeusi vyote vitano! Mama mkwe akashika mdomo. Nikatamani ardhi inimeze.

Mzee akanusa kiganja. Akauliza kama siku hizi mjini watu wanapiga brashi vichwa. Ndipo nikainua macho. Lo! Mzee mwenyewe kipara kitupu! Germana akacheka mpaka machozi. Kumbe alijua tangu upepo wa Julai uliponivua kofia pale Ihumwa. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Nimekubaliwa!

Jumapili, 14 Septemba
Harusi baada ya Krismasi. Germana kaniomba jambo moja tu, nisimfiche kitu tena. Nimeapa. Kasema anazipenda mno ndevu zangu.

Nikakimbilia kioo. Mvi! Gabrieli hana hata moja.

Kopo la rangi limebaki nusu. Harusini nani atanishika ndevu? Germana kasema atavaa shela nyeupe pe.