Excel ya Rula na Penseli

Wasee, leo nimejianika mbele ya watu.

Niliitwa intavyuu ya kusaidia mhasibu, ofisi fulani huko tao, katikati ya jiji. Mama hufulia watu nguo hapa Mashimoni. Ningepata hii kazi, angepumzisha hiyo mikono yake. Asubuhi ameniombea kwa sauti mpaka majirani wakaitikia amina.

Na nilikuwa najiamini! Excel niliipasua college pale Kawangware, nikawa wa kwanza darasani. (Hakuna mtu aliniuliza niliifanyia wapi. Kwa karatasi. Kompyuta zilikuwa mbili, moja ya ofisi, nyingine mbovu. Unachora visanduku na rula, unaandika fomula, kisha unapiga hesabu kwa kalkuleta na kujaza jibu.)

Madam wa ofisi, mpole kabisa, akaniketisha mbele ya kompyuta. "Nitafutie jumla ya mauzo."

Nikaandika fomula safi, hata alama moja sikukosea. Nikangoja. Jibu halitokei. (Kumbe kuna kitufe cha Enter cha kubonyeza, na kwa karatasi hakipo.) Nikaona hii mashine inaniringia. Nikafuta fomula, nikatoa simu chini ya meza, nikapiga hesabu, nikajaza jibu. Nikaegemea kiti kama bosi.

"Iko sawa," madam akasema. "Sasa mauzo ya Machi yafanye sufuri."

Nikafanya.

"Mbona jumla haijabadilika?"

Jameni! Si nikatoa simu tena, mbele yake? "Ngoja kidogo madam, nipige upya."

Jamaa aliyekuwa akingoja zamu yake nyuma yangu alicheka hadi akapaliwa na chai. Madam hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Siku hizi fomula hata hatuandiki," akasema polepole. "AI inaandika. Mtu tunamlipa aone ikikosea. Wewe utaonaje, na hujawahi kuona fomula ikifanya kazi?"

Hasira ikanipeleka moja kwa moja hadi Kawangware, kwa college. Mlangoni wamebandika tangazo jipya: Kozi ya Fedha na AI! Nikamuuliza jamaa wa ofisi ya college, "Kwani mmenunua kompyuta?"

"Kompyuta za nini? Kuja tu na rula."

Sasa niko kwa nyumba. Mama anasonga ugali akiimba, anangoja nimwambie naanza lini. Bado sijamwambia ukweli. Kama lazima mcheke, chekeni kwa meseji. Msinipigie simu, mabati yetu ni membamba na mama anasikia kila kitu.