Mwizi Mmoja Mwenye Bidii

Jumatatu, 4 Juni

Baraza kwa chifu. Nilivaa gauni langu la zambarau. Kila mtu aliona.

Serikali ina pesa za kuzuia uhalifu! Chifu alisoma karatasi yote, halafu akaanza tena kwa sababu Karambu alikuja amechelewa na kujidai hakusikia. Ni hivi. Wataweka taa ndefu, ile ya mulika mwizi, moja tu kwa sehemu yetu yote hapa juu ya Kianjai. Itaenda kwa kijiji chenye visa vingi zaidi katika vitabu vya polisi. Wanahesabu mpaka Jumatano ya wiki ijayo.

Karambu ni mwenyekiti wa Nyumba Kumi upande wa ng'ambo ya kijito. Mimi ni mwenyekiti upande huu. Alinigeukia mbele ya watu wote akasema pole sana, Mama Marete, kwenu hata mbwa wamesahau kubweka, taa ni yetu.

Uchungu ni kwamba ni kweli. Kwetu hakuna uhalifu. Miaka mitatu nimejisifu kila baraza kwamba hakuna. Mdomo wangu huu!

Na wakwe wanakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita! Kijana wangu Marete, yule wa ofisini Embu (anakaa Dallas, mtaa wa watu wa maana), ana miaka thelathini na sita na hatimaye amepata msichana. Wanja. Mwalimu. Mrefu. Wazazi wake wanakuja kuona boma, na wasiporidhika, kwisha. Kuna ukoo mmoja ulishamkataa Marete kwa sababu ya choo chetu. Choo nimejenga upya, kina mlango wa chuma. Sasa nataka taa. Nataka baba ya msichana ashuke garini aone mlingoti wa serikali kwenye kona ya Mama Marete. Hata kama kufikia siku hiyo watakuwa wamechimba shimo tu, nitamwonyesha shimo.

Jumanne, 5 Juni

Marete alipiga simu asubuhi. Akasema Mama, nimekutumia picha, ngoja nikueleze. Nikamweleza kwanza habari ya taa. Halafu habari ya Karambu. Halafu habari ya gauni. Alisema "lakini Mama" mara nyingi, mtoto ana adabu huyo, mpaka pesa zake za simu zikaisha.

Nikatazama picha. Fahali mweusi, mnene, manyoya yanang'aa. Lazima anauzwa. Kando yake amesimama mzee mwenye kofia ya kahawia yenye unyoya wa kanga, koti refu la kijani, pengo la meno mawili mbele, na masikio kama majani ya nduma. Fahali mzuri. Mwenyewe ovyo.

Nikaenda polisi kuripoti kuku wangu. Kwa kweli aliliwa na nguchiro, lakini nguchiro naye ni mwizi, sivyo? Koplo Mutugi akauliza nani aliiba. Nikasema mwizi. Akauliza anafanana vipi. Nikasema kama mwizi. Akaweka kalamu chini, akasema mama, kitu bila mtu nitaandika kimepotea, na kilichopotea hakihesabiwi.

Kichwa changu kilikuwa tupu kama debe. Halafu Mungu akanikumbusha ile picha. Nikasema: kofia ya kahawia, unyoya wa kanga, koti la kijani, pengo, masikio ya nduma. Koplo aliandika mpaka akatoa jasho. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kupata shahidi mwenye macho kama yangu. Nilimwambia nilikuwa namba tatu darasa la saba.

Yule mzee hatadhurika. Ni mtu wa mbali, anauza ng'ombe wake.

Alhamisi, 7 Juni

Mkutano jikoni kwangu, akina mama peke yao. Nikawaambia kisa kimoja hakileti taa. Kila nyumba ilete uhalifu wake. Wambura akasema yeye hajaibiwa kitu tangu azaliwe. Nikamuuliza kama anataka kuishi gizani mpaka kufa.

Nikawafundisha mwizi kama Sunday School. Kofia? Kahawia! Koti? Kijani! Masikio? Nduma! Ciakuthii, jirani yangu, alikuwa anaongeza viungo: mara mwizi anachechemea, mara ananuka ugoro. Nikamwambia Ciakuthii, mwizi ni wangu, mwache alivyo.

Mume wangu Mukiri alisikia kutoka nje akasema tutafungwa sote. Huyo ni mwoga tangu nimjue. Lakini baada ya kunyimwa chai mara mbili alienda kuripoti redio yake.

Jumapili, 10 Juni

Tunaenda vizuri! Kuku, majogoo, sufuria, blanketi. Ciakuthii ameripoti mbuzi mwenye mimba, na mbuzi alikuwa amefungwa nje ya kituo wakati anaripoti, kwa sababu walikuwa wanatoka kwa daktari wa mifugo.

Baada ya ibada Karambu alinipita karibu akasema upande wake sasa mtu hawezi kuanika hata soksi. Anaringa kwa wezi! Nikamwambia kwetu hata soksi za jana zimeenda. Tukaangaliana. Mchungaji akapita akatuuliza kama tuna amani. Tukasema tele.

Jumatano, 13 Juni

Siku mbaya.

Amekuja msichana wa takwimu kutoka Nairobi, mdogo kama kalamu, na kompyuta yake. Tukakaa kwa chifu tukingoja. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kushukuru.

Akasema upande huu una visa kumi na tisa. Upande wa Karambu kumi na sita. Nikasimama! Akaniomba nikae. Akasema visa vya Karambu ni vya watu kumi na sita tofauti, warefu, wafupi, mmoja amevaa sketi, na hiyo maana yake ni uhalifu umeenea. Lakini kwenu, mama, akaniangalia kwa huruma, kwenu hakuna uhalifu. Kwenu kuna mwizi mmoja mwenye bidii.

Taa kwa Karambu.

Watu walicheka. Karambu alinipa mkono, mkono wenyewe umelegea kama mboga iliyochemka.

Serikali haikutuacha hivi hivi, lakini. Kwa mwizi mmoja kuna dawa yake. Mwalimu wa uchoraji amechora uso wa mwizi kutoka kwa maelezo yetu, umebandikwa soko lote la Kianjai. Na vijana wa bodaboda wamepewa filimbi na jaketi za kung'aa ili wamshike. Mwenyekiti wao, Njura, amelala na filimbi shingoni.

Picha imetoka vizuri sana. Masikio hasa.

Ijumaa, 15 Juni

Sina nafasi ya kuandika. Nimepika njahi, nimeponda mukimo, nimefagia mpaka barabarani. Mlango wa choo nimeupaka mafuta usilie.

Marete alipiga. Akauliza Mama, ile picha uliiona? Nikasema niliiona, fahali ni mzuri, lakini bei? Akasema bei gani, Mama, huyo fahali hauzwi, huyo ni... Njahi zikaanza kuungua. Nikakata.

Mtoto ana wasiwasi wa bure. Kesho watashangaa.

Jumamosi, 16 Juni

Nitaandika polepole.

Saa tano hivi nasikia filimbi kutoka upande wa sokoni. Filimbi moja, kumi, zote. Njura akafika na pikipiki, hajapumua, akapiga kelele kwamba wamemshika! Mwizi wangu! Walimkuta amesimama mbele ya picha yake mwenyewe, ameweka mikono nyuma, anauliza wapita njia huyu bwana wa heshima ni nani, kwani wamefanana sana.

Nilikuwa na aproni. Nikavaa gauni la zambarau juu ya aproni, nikapanda pikipiki. Akina mama wengine nyuma, watatu watatu.

Kituoni, Koplo Mutugi akamtoa. Ee Mungu! Kofia, unyoya, koti, pengo, masikio. Nywele zilinisimama. Nilidhani nimedanganya, kumbe yule mzee wa fahali ni mwizi kweli, nilikuwa nabii!

Koplo akauliza kama ndiye. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya baraza: "Ndiye! Mla kuku! Hata ukimtazama shingo, ni shingo ya mtu amekula kuku wa watu!" Ciakuthii akalia mbuzi wangu, mbuzi wangu. Wambura, ambaye hajaibiwa kitu tangu azaliwe, alitaka kumpiga na kiatu.

Mzee alinigeukia. Aliniangalia tu. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili cha adabu, kama mimi ndiye Mama Marete. Nikasema ndiye mwenyewe, hata wezi wananijua!

Hapo mlango ukafunguliwa. Marete. Soda mkononi, za wageni. Nyuma yake msichana mrefu na mama mmoja aliyevaa kitambaa cha kanisa. Msichana akasema, "Baba?"

Halafu Marete akasema, Mama, nilikutumia picha ya mkwe wako ili umjue akija.

Nilitafuta shimo. Hakuna shimo Kianjai yote, lile la taa liko kwa Karambu.

Koplo Mutugi akafunga mlango. Akasema yeye ana visa kumi na tisa na mtu mmoja. Kwa hiyo leo kuna atakayelala ndani: au huyu mzee ni mwizi, au wamama hawa wamedanganya serikali, na kudanganya polisi ni kosa, lina kifungo. Akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Ciakuthii alikuwa ameanza kuniombea.

Nikamwona Marete. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kama zamani akiwa darasa la kwanza, aliponyang'anywa viatu. Miaka thelathini na sita. Nikasema futa. Futa kuku wangu, aliliwa na nguchiro. Mmoja mmoja wakafuta. Sufuria ikapatikana. Blanketi likapatikana. Mbuzi akapatikana, tena alikuwa nje. Koplo akapiga mistari mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Akasema anatuacha kwa sababu tu selo yake haiwatoshi akina mama.

Nje, nikapiga magoti mbele ya Mzee Nthiga (ndilo jina lake). Akanipita akaingia garini. Nikajua kwisha.

Lakini gari likageuka upande wa kwetu.

Jumapili, 17 Juni

Wamelala hapa! Jana Mzee Nthiga alikula mukimo sahani mbili bila kusema kitu. Mama Wanja aliangalia ukuta. Marete hakula. Mimi pia sikuongea, na Mukiri anasema ndiyo mara ya kwanza tangu tuoane.

Halafu mzee akafuta mdomo. Akasema amekaa na wazee wengi huko Embu, amesikia kesi nyingi, lakini hajawahi kupewa jina bila mali yake. Yeye hawezi kurudi nyumbani na jina la mwizi wa kuku na mikono mitupu. Jina ameshapewa. Basi apewe na kuku.

Wanja alicheka mpaka akakaa chini. Alivyocheka, Marete naye akacheka, na mimi nikaanza kulia.

Kwa hiyo leo baada ya kanisa kila mama ameleta kile alichoripoti. Kuku, majogoo, sufuria, blanketi. Ciakuthii alimleta mbuzi akimkumbatia shingo, akisema kumbe angeripoti kijiko. Mukiri alitoa redio ikiwa bado inasoma matangazo ya vifo. Gari lilijaa. Kuku na majogoo waliobaki, mzee amesema ndugu zake watakuja kuwachukua mwezi wa nane, na hapo hapo tupange siku ya sisi kwenda Embu kuongea mahari.

Mahari! Amekubali! Akiondoka alisema boma ni zuri. Choo hasa.

Nikiangalia vizuri, nilimshika mwizi, nikamaliza uhalifu na nikamwozesha kijana, siku mbili tu. Sijui Karambu amefanya nini.

Alhamisi, 21 Juni

Taa ya Karambu imewashwa jana. Inaingia chumbani kwake kama jua. Kuku wake hawajui saa ya kulala, wamekataa kutaga. Nilimpelekea pole na uso wa huzuni.

Habari kubwa ni nyingine. Chifu amesoma karatasi mpya. Serikali ina pesa nyingine, za kujenga ukumbi wa mikutano, na zitaenda mahali ambapo uhalifu umepungua zaidi! Nikasimama. Nikasema sisi tumetoka kumi na tisa mpaka hakuna, kwa siku moja! Chifu akasema wataanza kuhesabu mwezi wa saba. Na sasa tuko sufuri. Sufuri haipungui.

Nimefikiri kutwa. Ni rahisi. Ili tushuke, lazima kwanza tupande.

Mukiri anauliza kama sijajifunza. Nimejifunza sana! Kosa langu lilikuwa moja: mwizi mmoja. Safari hii watakuwa genge. Akina mama wanakuja jikoni kesho.

Marete alipiga simu jioni. Amenitumia picha nyingine, akaanza kunieleza. Nikamweleza kwanza habari ya ukumbi. Pesa zake zikaisha.

Nimeitazama. Wanaume watano wamesimama mbele ya pikapu nyeupe. Pikapu nzuri, lazima inauzwa. Watu wenyewe siwajui, lakini wote wana masikio makubwa ajabu.

Koplo atawaandika vizuri.