Daktari Alivyonikana Mbele ya Shuka

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena ndani ya koti la kuazima.

Mnajua kwamba wakati wa vita nilikwenda Bama, kule Asia, na kikosi cha hospitali, na vita vilipokwisha tukakaa wiki kadhaa katika mji wao mkubwa, Rangun. (Mnajua sana. Nimewasimulia mpaka mmeanza kunikimbia.) Basi juzi daktari niliyekuwa naye huko, ambaye hadi leo nauguza chini yake, alinipitia wodini. Akaniambia kuwa Jumapili atawaeleza Wazungu wenzake habari za Rangun kwenye klabu yao, na mimi nije, tutasaidiana.

Tutasaidiana. Neno hilo nililisikia kwa masikio ya mpumbavu.

Nikaazima koti kwa Ramazani huyu hapa, fundi cherehani wetu. Nikamkariria mke wangu Honorine hotuba nzima kwa Kifaransa, yeye akisonga bukari, ugali wetu wa jioni. Nikataja wanaume wanaojifunga vitambaa kiunoni kama mama zetu, wala hakuna anayewacheka. Nikataja vikongwe wanaovuta sigara nene kama mihogo. Nikataja duka la chai nilikokaa kwenye kigoda katikati ya watu, na mwenye duka akanimiminia bila kuniuliza nimepitia mlango gani.

Honorine alipapenda hapo. "Ile ya chai usisahau," akasema. "Bazungu basikie."

Leo mchana tukaenda. Honorine na Ramazani waliruhusiwa kusimama nje, barazani, wachungulie mlangoni. Mimi nikaingizwa kwa mlango wa jikoni. Daktari alifurahi kuniona. Akanionyesha shuka jeupe lililotundikwa kwa ajili ya picha. Msumari mmoja ulikuwa umeng'oka.

"Shika hapa," akasema. "Usitikise."

Msaada wenyewe ndio huo. Nikasimama mkono juu, kama mti wa kuanikia nguo, na tai yangu shingoni. Mapazia yakavutwa, picha zikaanza.

Lilipotokea duka la chai, daktari akawaambia wageni kwamba chai ya pale ni chafu na wenyeji hupoteza siku nzima juu yake. Mimi nikaendelea kushika shuka. (Mkono ulishaanza kufa ganzi.) Kisha likaja hekalu lao kubwa la dhahabu. Mle haingii mtu na viatu, awe jenerali, awe mchota maji. Daktari alionekana pekupeku, suruali imekunjwa, na ukumbi ukamcheka, naye akacheka nao. Pembeni yake nilikuwa mimi, nimeshika buti zake.

Mama mmoja akauliza yule mweusi ni nani.

Daktari akaitazama picha. "Huyo? Mchukuzi tu, mtu wa huko huko Rangun."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Nikasema, na katika Kifaransa changu chote nilichojifunza yakatoka maneno haya tu: "Docteur, c'est moi." Ni mimi.

Akanitazama, akarudi kwenye picha, akasema kumbe kweli, ila sisi weusi sote tunafanana. Watu wakaangua kicheko. Mkono wangu ukaachia. Sijui kama ulichoka au ulikasirika. Shuka lote likanifunika, taa ikaendelea kumulika, nami nikasimama pale nimevaa hekalu la dhahabu kuanzia kichwani hadi magotini. Hapo ndipo walipocheka kweli. Na huko nje nilisikia kicheko cha Ramazani. (Koti lako umepata. Usinisemeshe.)

Honorine hakucheka. Tulitembea mpaka karibu na mtaa wetu wa Kamalondo, ndipo akauliza, "Biatu byake, ni weye ulibeba?"

Nikamwambia ndiyo, aliogopa wezi.

"Na byako, nani alibeba?"

"Vyangu niliviacha mlangoni pamoja na vya watu wote. Nilipotoka nikavikuta."

Akanishika mkono, ule uliokufa ganzi, tukaendelea.

Basi mwenye kicheko akimalize hapa hapa. Kesho asubuhi wodini lazima nimsalimie yule mtu "Bonjour, docteur", na sura ya kumwambia hivyo bado sijaipata.