Mkubwa Harukwi

Wananchi wote, walio hai na wanaosubiri kuthibitishwa, wanatangaziwa kwamba kuanzia sasa hakuna faili litakalopotea tena katika nchi hii. Faili lisipoonekana, lihesabiwe kuwa limehifadhiwa vizuri mno.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Makabrasha, na nililisoma mwenyewe uani, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, mbele ya wafanyakazi waliopiga makofi mpaka nilipowaambia waache. Kabla yangu, faili lilikuwa linawekwa kwenye kompyuta ndani ya kabrasha moja, basi. Mtu akija kulitaka, kabrasha linafunguliwa, faili linaonekana, anashukuru, anaondoka. Ulikuwa utaratibu wa hatari. Raia alikuwa anafika nyumbani bila kujua kama serikali ilikuwa kazini.

Ndipo nikatoa Waraka Namba Moja. Kila faili likae ndani ya kabrasha, na kila kabrasha likae ndani ya kabrasha jingine, mpaka afisa husika aridhike. Maafisa wangu ni watu wa viwango vya juu, hawajaridhika hadi leo. Kifungu cha mwisho nilikipigia mstari: kisicho na kabrasha hakipo. Kompyuta zetu zimefundishwa hivyo hivyo. Kadi ya mtu isipokutana na kabrasha lake, mlango haufunguki, na karani haruhusiwi kumwona mtu huyo hata akimkanyaga.

Nilibuni pia mabenchi ya kusubiria yasiyo na egemeo, ili anayesubiri asizoee.

Jumatatu asubuhi wakaingia ofisini kwangu wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwenye mkoba mkubwa na sauti ya kuuzia samaki. Wa pili alikuwa binti aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Mkurugenzi, shikamoo yako nitaipokea baadaye," alisema yule mkubwa. "Mimi ni shangazi yake huyu. Huyu ni bibi harusi. Harusi Jumamosi. Tumefuata kibali cha ndoa."

"Hongereni. Na hizo nywele?"

"Msusi kasema hamalizii mpaka akione kibali. Alishawahi kusukia harusi ikaahirishwa."

Niliwahakikishia kwamba faili la binti lipo.

"Lipo wapi?" akauliza shangazi mtu.

"Kwenye Maombi."

"Huko tumetoka. Karani kafungua Maombi, ndani kuna Maombi Mapya. Kafungua Maombi Mapya, ndani kuna Mapya Yaliyopokelewa. Humo kuna Yaliyopokelewa Rasmi. Kafungua Rasmi, tukakuta Rasmi Kabisa, na pembeni yake nyingine kumi zinazofanana nayo. Hapo karani akaenda kunywa chai."

"Alistahili," nikasema.

"Mwanangu, mimi nimemenya vitunguu maisha yangu yote. Kitunguu hata kiwe kikubwa vipi, kina mwisho."

Sikupenda serikali kulinganishwa na kiungo cha mchuzi. Nilimwita fundi wetu wa programu.

Fundi huyu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wenye midomo yao wanasema alipata kazi kwa undugu. Si kweli. Nafasi ilitangazwa sebuleni kwangu, wakati wa taarifa ya habari, na yeye ndiye aliyejitokeza. Huzungumza na kompyuta kwa lugha inayoitwa PHP. Nilipomuuliza herufi hizo zina maana gani, alisema hajawahi kuuliza, ila mshahara unaingia.

Alikuja na karanga zake mkononi, akasikiliza shida, akacheka.

"Hiyo ni kama kumsukuma mlevi, Shemeji. Naandika funksheni moja, kijiprogramu cha kutumwa. Inaingia kwenye folda, yaani hayo makabrasha yako, na kila inachokikuta humo inakiuliza: wewe faili au folda? Kikisema faili, inasoma jina. Kikisema folda, inajiita yenyewe, inaingia humo, inauliza vilevile. Ikimaliza inarudi ilikotoka, inaendelea. Hakuna pembe itakayobaki."

"Inajiita yenyewe," nikasema polepole. "Kwa idhini ya nani?"

"Ya kwake."

"Shemeji, katika utumishi mtu hajiiti. Anaitwa, tena kwa barua."

Jambo hili lilikuwa zito kuliko uwezo wa mtu mmoja, nikaunda kamati. Kamati ilikaa mchana kutwa, ikaagiza soda, ikaazimia kwamba funksheni iruhusiwe kujiita yenyewe, mradi ijiite kwa adabu. Shemeji akaipa jina la Mheshimiwa Tafuta. Tukapiga picha ya pamoja.

Kesho yake, kabla ya kuiwasha, alijikuna kichwa.

"Kuna kitu kimoja kidogo. Ukifungua folda yoyote, PHP inakuonyesha kwanza nukta moja, halafu nukta mbili. Nukta moja ni folda yenyewe. Nukta mbili ni ile ya juu yake, iliyoibeba. Hizo lazima tuziruke."

"Ya juu yake. Yaani mkubwa wake?"

"Ukipenda."

"Unataka chombo cha serikali kimruke mkubwa?"

"Shemeji, nisipomruka, itaingia ndani, itatoka kwa mkubwa, itaingia, itatoka, mpaka Kiama."

"Hiyo inaitwa kuripoti," nikamwambia. "Mkubwa harukwi. Iandike hivyo."

Akaandika. Shemeji ana mapungufu yake, lakini ukimwambia kitu anafanya, hasa kama ni kazi ndogo.

Nani atanisahaulisha asubuhi ile? Idara nzima ilijazana nyuma ya kiti chake. Mheshimiwa Tafuta aliingia Maombi, na kabla hajagusa chochote akatoka kwenda kwa mkubwa kutoa taarifa. Mkubwa akamrudisha Maombi. Akaingia, akatoka, akaripoti, akarudishwa. Kioo kilijaa maandishi yaleyale yakishuka kwa kasi ya ajabu, na hakuna faili hata moja lililosumbuliwa. Machozi yalinilengalenga. Tangu niajiriwe sijaona mtumishi mpya aliyetuelewa haraka namna ile.

Kompyuta ilipata moto. Karani wa dirisha la pili akaweka kikombe chake juu yake ili chai isipoe. Kabla ya saa sita ikaandika kwamba kumbukumbu yake imekwisha, ikazima. Nikaipa likizo ya ugonjwa na cheti cha mfanyakazi bora, tukakibandika pale pale kwenye kioo, na ndiyo sababu siku nzima ya Jumatano hatukuweza kufanya kazi.

Wale wanawake walikuwa wanakuja kila siku. Alhamisi binti aliomba kusema nami peke yake, ingawa shangazi yake alibaki mlangoni, jambo ambalo kwake ni sawa na kuondoka.

"Mkurugenzi, mwenzangu anasafiri Jumapili," alisema. Kilemba kilikuwa kimeinama upande usiosukwa. "Kapata kazi mbali, mkataba mrefu. Ameruhusiwa kwenda na mke, si mchumba. Jumamosi ikipita hivi hivi, anaondoka mimi nabaki. Sijui kama atanisubiri. Na mimi mwenyewe sijui kama nitaweza."

Nilisikitika. Lazima niseme ukweli, nilisikitika sana, nikamruhusu asubiri kwenye benchi la tatu, karibu na feni.

Hapo shangazi mtu akaingia mzima mzima.

"Mkurugenzi, nikuambie tu mapema, tusije tukalaumiana. Kibali kisipotoka, harusi naileta hapa. Bendi itakaa kwenye hii meza yako. Mpishi atawasha moto pale uani unapotangazia."

"Una wageni wangapi, mama?"

"Sijui. Mimi nilialika ndugu tu. Kila ndugu kaalika wa kwake. Na wale nao wakaalika."

"Na orodha inaishia wapi?"

"Unaniuliza mimi, wewe mwenye Rasmi Kabisa?"

Usingizi haukunijia. Ijumaa asubuhi nikawa nimeona chanzo cha tatizo: makabrasha matupu. Maafisa walikuwa wanafungua kabrasha ili kuonyesha kwamba wapo kazini, halafu hawaweki kitu ndani. Ni ubadhirifu wa utupu. Nikatoa Waraka Namba Mbili, mfupi na mkali: kabrasha lisilo na kitu lifutwe.

"Hilo linawezekana," alisema Shemeji, akipangusa maganda ya karanga kwenye kibodi. "Ila PHP haifuti folda yenye kitu ndani. Inabidi tuanzie kule ndani kabisa. Tukikuta tupu, tunafuta, tunarudi nyuma kidogo, tunaangalia ile iliyoibeba. Nayo kama imebaki tupu, tunafuta. Hivyo hivyo mpaka juu. Na nukta safari hii naziruka, Shemeji, usinitie tena katika ile aibu."

Nilitaka kukataa. Lakini nje, kwenye benchi la tatu, nilimsikia shangazi mtu akiongea kwa simu na mtu wa bendi, akimuuliza ngoma kubwa ina upana gani na kama inapita kwenye mlango wa ofisi. Nikachukua kalamu, nikaandika: Mkubwa arukwe, kwa muda.

"Na tufute folda zote?" aliuliza Shemeji. "Bila kubagua? Hata za wakubwa?"

"Sheria ni msumeno," nikamwambia, nikaenda kula.

Nilikula vizuri. Niliporudi nikaweka kadi yangu mlangoni, mlango ukanyamaza. Nikaigeuza kadi, nikaipulizia, nikaisugua kwenye suruali. Ndani nilisikia vigelegele. Mlango ulipofunguka ni kwa sababu bibi harusi alikuwa anatoka mbio, karatasi mkononi ingali na joto la printa, anakimbilia kwa msusi. Alinipita bila kunisalimu, na kusema kweli sikuwahi kuona uso wenye furaha kama ule ndani ya idara yangu.

Shemeji alinifuata nje, nikamvuta pembeni.

"Imefanya kazi mpaka raha," alisema. "Tupu zote zimekwenda. Zilizobaki hata bibi yangu angezipitia bila miwani. Faili la binti lilikuwa limekaa kwenye Rasmi Kabisa ya nne, peke yake, kama mgeni aliyewahi."

"Hongera. Kadi yangu haifungui mlango."

Akatafuna kidogo.

"Kwenye kabrasha lako nako tuliingia, Shemeji. Tulikuta Maono. Ndani ya Maono kuna Dhamira. Ndani ya Dhamira kuna Mikakati. Ndani ya Mikakati kuna Mafanikio."

"Na ndani ya Mafanikio?"

"Nukta moja na nukta mbili."

Akanipa karanga moja.

"Basi ikafuta Mafanikio," akaendelea kwa upole. "Mikakati ikabaki tupu, ikaenda. Dhamira ikaenda. Maono nayo. Ikarudi kwako wewe mwenyewe, ikaangalia, ikaona hamna kitu."

"Lirudishe."

"PHP haina pipa la taka. Ikifuta imefuta."

"Basi fungua jipya. Mimi ni mume wa dada yako."

"Na dada nitamsalimia. Lakini kabrasha jipya linatoka kwa maombi, dirisha la pili. Ni waraka wako, Shemeji, mimi ni mtu wa karanga tu."

Nilikwenda dirisha la pili. Karani, mwanamume niliyemwajiri mwenyewe, alitazama kupitia kifuani pangu mpaka ukutani.

"Nataka kabrasha," nikamwambia.

Akamgeukia mwenzake. "Unasikia kitu?"

"Hapana," akasema mwenzake.

"Maana kama kungekuwa na mtu hapa, ningemwambia ajaze fomu, halafu fomu isainiwe na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi," nikasema.

"Na huyo mtu angesema yeye ndiye Mkurugenzi, ningemwambia Mkurugenzi hayupo. Nimetoka kuangalia kwenye kompyuta sasa hivi." Akanywa chai yake, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa imepoa akiwa kazini. "Ningemshauri amsubiri."

Shangazi mtu alikuwa anafunga mkoba wake. Yeye si mtumishi wa serikali, hivyo aliniona. Alinitazama kwa huruma ya kweli, ile ambayo mtu hawezi kuivumilia.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kesho uje harusini, usikose. Kadi huhitaji. Mtu asiyekuwepo hahesabiwi kwenye sahani."

Akatoka huku anaimba. Nikachukua fomu, nikaijaza kwa wino mweusi kama inavyotakiwa, nikaenda kukaa kwenye benchi la tatu. Ni benchi lililobuniwa kwa ustadi mkubwa, na mpaka hivi ninavyowaambia sijalizoea. Namsubiri Mkurugenzi anisainie. Wenzangu wa benchi hili wanasema nisitarajie sana, ni mtu mgumu kuonana naye.